Mama Volti Ajifunza Kunyamaza

Saa nane mchana, maabara imejaa joto na kelele za viti. Mwanamke aliyevaa koti jeupe lenye doa la wino amesimama nyuma ya wanafunzi, mikono kaisokomeza mifukoni. Vidole vinahangaika humo ndani, tunaviona kabisa.

Kila meza ina kokoto iliyofungwa kwenye uzi wa nusu mita. Kazi ni kuibembeza na kupima muda wa mabembeo ishirini. Kundi lililo mbele yake linaachia kokoto na kupaza sauti: "Moja!"

Mwanamke huyo, fundi wa maabara, anafumba macho. Wamekosea. Kokoto inapoachiwa haijabembea bado. Hesabu huanza na sifuri. Wakifika ishirini watakuwa wamepima kumi na tisa.

"Ulimi unaniwasha," ananong'ona. "Wee, acha tu!"

Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa fundi wa maabara wa shule hii ya sekondari. Anaosha chupa, anaunga nyaya, na mwalimu wa fizikia akikosekana, anashika chaki. Wanafunzi wanamwita Mama Volti. Sasa, akiwa na miaka arobaini na mmoja, anatafuta leseni ya ualimu. Mitihani yote ya kuandika amefaulu. Kilichomwangusha ni kufundisha mbele ya wakaguzi wawili.

Siku hiyo alisikia "moja!" akaruka toka ubaoni, akamnyang'anya mwanafunzi saa na kuhesabu mwenyewe. Majibu yalitoka safi. Mkaguzi akaandika: "Mwalimu amefanya jaribio. Wanafunzi wametazama."

"Nililia kwa hasira," anasema. "Miaka yote kazi yangu ni kuhakikisha jaribio halikosei! Leo naambiwa niache liharibike?"

Jumatatu anarudi kwa wakaguzi walewale. Nafasi ni mbili tu, na hii ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, hata kushika chaki kwa dharura hataruhusiwa. Hapati usingizi, chakula anakula amesimama.

Mumewe, fundi cherehani, hamwonei huruma. "Nyumbani ni hivyohivyo," anacheka. "Nikianza kusema jambo, yeye analimalizia. Mazoea yana taabu, bwana!"

Maabarani, ambako leo anashika kipindi ili ajizoeze, msichana wa kundi lile anageuka. "Mwalimu, sisi tumepata sekunde ishirini na saba. Wale wa dirishani, ishirini na nane na nusu. Na uzi ni uleule. Nani kakosea?"

Mama Volti anafungua mdomo. Anaufunga. Mifukoni, vidole vimekuwa ngumi.

"Nendeni mkawatazame wakihesabu," anasema mwishowe.

Wanakwenda. Dakika nzima inapita, naye anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Kisha msichana anajipiga paji la uso. "Ala! Kumbe wenzetu wanaanza na sifuri!"

Mama Volti anashusha pumzi na kucheka peke yake. Anapotoa mikono, mfuko wa kulia umetoboka. Vidole vilikwisha kutokea upande wa pili.

"Leo hii mume wangu ataushona," anasema, akiukagua. "Tena auzidishie uzi. Jumatatu nitauhitaji."