Milango Tisa ya Masatu

Wankyo alizaliwa Butiama, na kwao nyumba maana yake ilikuwa mke. Mtu akiuliza baba yako ana nyumba ngapi, hakuwa anauliza habari za miti na udongo. Mama yake alikuwa nyumba ya tatu. Asubuhi moja, Wankyo akiwa bado mdogo, alimwona baba yake akichomeka vijiti nyuma ya ghala la ulezi. Alivizungushia kamba, akarudi nyuma akatazama, akaenda zake machungani bila kusema neno. Mama alisimama mlangoni akiviangalia vile vijiti, kisha akaingia ndani, na siku hiyo hakupika. Msimu haukuisha kabla nyumba ya nne haijaanza kutoa moshi.

Tangu hapo Wankyo alijua kwamba mwanamume huanza kwa kuchora. Maneno huja baadaye.

Aliolewa na Masatu, mtu wa Kiriba, aliyesoma misheni na kupata kazi ya kunakili ramani katika ofisi ya serikali mjini Musoma. Wakapanga vyumba viwili vya udongo pale Iringo, vyenye paa la madebe yaliyonyooshwa. Wankyo alizikandika kuta mwenyewe, chokaa juu, majivu chini, zikawa laini kama ngozi ya mtoto. Majirani walipoziona wakaanza kumwita awakandikie za kwao. Katika miaka ile baada ya vita ya Hitla, kama ukuta wa Iringo haukuwa na ufa, kuna uwezekano mkubwa mkono wa Wankyo ulikuwa umepita hapo.

Ni kazi hiyo iliyomfanya asogeze kitanda, akandike nyuma yake. Akakuta bomba la bati, la kuwekea ramani, limesukumwa hadi pembeni kabisa. Masatu alikuwa Bunda, ambako alikwenda kila mwisho wa mwezi kupima maghala ya pamba. Hivyo ndivyo alivyosema.

Wankyo alinawa mikono, akalifungua.

Ilikuwa nyumba. Imechorwa kwa wino mwembamba kama unywele, kisha ikapakwa rangi za maji, mbingu yake kama chai iliyozidiwa maziwa. Nguzo nene kama mashina ya mivumo ziliota juu ya mawe makubwa, yaleyale yaliyorundikana kando ya ziwa. Ngazi pana zilishuka hadi majini, na maji yakapanda kuzipokea. Nguzo moja ilikuwa imeanguka, imelala kama fahali. Ng'ombe wadogo walipita chini ya matao. Paa halikuwapo. Na nyuma ya nguzo kulikuwa na mlango, na mlango, na mlango.

Akahesabu. "Tisa," alisema kwa sauti. Baba yake, na ng'ombe wake wote, aliishia nne.

Akaipeleka kwa jirani yake Mwamvita, mke wa Pazi, fundi mwashi. Mwamvita aliigeuza juu chini, kisha chini juu.

"Haya, shoga, nyumba ya nani hii?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, mke wa fundi."

"Jiko liko wapi?"

"Sijaliona."

"Choo je?"

"Hakuna."

"Basi tulia. Mwanamke gani atakubali kuolewa kwenye nyumba haina jiko wala choo? Labda jini." Mwamvita akacheka. Kisha akaangalia zile ngazi zilizoingia majini, na kicheko kikamkatika. "Mama Jeska, hivi mumeo anaogaga ziwani peke yake?"

Wankyo aliviringisha picha, akarudi nyumbani, akafunga nguo zake zote kwenye kanga. Binti yao Jeska alikuwa Kiriba kwa bibi yake, angemfuata baadaye. Alipanga hivi: atakwenda Bunda, aione hiyo nyumba kwa macho yake. Akiikuta, wakati wa kurudi atashukia njia panda ya Butiama, aende kwao, na Musoma isimwone tena.

Bunda alizunguka na lile furushi kichwani, akichungulia kila ua. Aliona bati, aliona nyasi, hakuona nguzo. Mpimaji wa Musoma? Watu wakamwelekeza nyuma ya ghala la pamba.

Masatu alikuwa amekaa juu ya sanduku, ubao magotini, kikombe cha maji ya buluu miguuni. Peke yake. Pembeni, birika la wapagazi lilichemka juu ya mafiga.

"Mama Jeska! Kuna msiba?"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Wankyo aliitandaza picha chini, akaikandamiza kwa mawe. "Mwenye nyumba hii. Milango nimeihesabu, Baba Jeska. Tisa! Una ng'ombe wangapi wewe?"

Masatu akaanza kucheka, mpaka alipoliona furushi. Akauweka ubao chini.

"Mzungu aliyetufundishaga kuchora," alisema polepole, "alikuwa na picha ukutani. Majumba ya Wayunani na Warumi, ya kale, yamebaki magofu. Nayaotaga. Mchana kutwa nanakili maghala na vyoo vya serikali, hakuna mstari ulio wangu. Hii ndiyo mistari yangu."

"Mbona umeificha?"

"Ungenicheka."

"Na humo anakaa nani?"

"Hakuna mtu."

Masatu alidhani amemtuliza. Kumbe hapo ndipo alipomchoma. "Milango tisa," Wankyo alisema, "watu hakuna, na bado mimi sina hata mmoja?"

Wankyo alichutama, akapitisha kidole kwenye masizi ya birika, akakipeleka juu ya mlango wa tatu, akapaka moshi unaopanda mbinguni.

"Umeiharibu!"

"Sasa ina mtu."

Walirudi na lori moja. Kwenye njia panda ya Butiama Wankyo alishika furushi lake, lakini hakumgongea dereva asimame.

Baada ya hapo Masatu alichora mchana kweupe, Jumapili, na Mwamvita alikuja kuuliza majini wanaendeleaje. Kila picha mpya Wankyo alihesabu milango kwanza, halafu akatafuta moshi wake. Ulikuwapo kila mara, wa wino, juu ya mlango mmoja. Mpaka siku moja Masatu alipotoka Bunda na karatasi kubwa, na moshi ukawa unatoka milango miwili.

"Baba Jeska. Huu wa pili wa nani?"

Masatu alisuuza brashi, akaipangusa, akaisuuza tena. "Wa mama. Amezeeka. Nataka aje akae nasi."

Na mama mkwe akaja kweli, na kigoda chake na kuku wake. Wankyo alimpokea, akamkandikia ukuta wa chumba chake. Lakini alikuwa amekandika kuta nyingi mno, alijua udongo mpya unaweza kulala vizuri juu ya ufa wa zamani. Kila Masatu alipopanda lori la Bunda, alilivuta lile bomba, akazitandaza picha kitandani, akahesabu moshi.