Miche Mia Mbili na Wembe Mmoja

Wanafunzi walimwita Bi Kiwembe, na usidhani ni kwa ubaya. Kwanza ulikuwa ulimi wake: mzembe akikatiza mbele yake alikatwa vipande kabla hajafika kivulini. Halafu kulikuwa na wembe wenyewe, alioufunga kwenye ncha ya leso, ambao kazi yake ilikuwa moja tu, kuchana viriba. Kwa asiyejua, kiriba ni ule mfuko mweusi wa plastiki ambamo mche hukulia kitaluni. Siku ya kupanda unauchana, unauvua, unaushusha mche shimoni pamoja na udongo wake. Udongo ukimwagika, mizizi inakatika, na mche wenyewe ndiyo basi tena.

Miaka ishirini na sita alifanya kazi kwenye kitalu cha manispaa. Alipostaafu, wanawe walitarajia atatulia nyumbani. Thubutu! Wiki ya tatu alikuwa keshabisha hodi kwenye shule ya sekondari iliyo nyuma ya nyumba yake, akamweleza mwalimu mkuu kwamba ule mteremko wao unaoporomokea kijitoni ni aibu tupu, na kwamba akipewa vijana kila Jumamosi asubuhi, ataufunika kwa miti. Malipo hakutaka. Alitaka majembe, ndoo, na watoto wasiodeka.

Waliokuja walikuwa wanadeka, tena sana. Mmoja alikuja na viatu vyeupe. Mwingine, jitu zima la kidato cha tatu, aliona nyungunyungu akaruka kijito chote mpaka ng'ambo. Binti mmoja, aliyebandikwa jina la Wakili kwa kupenda kubishana, alitaka kujua ni kanuni gani ya shule inayowalazimisha wainame kiasi kile. Bi Kiwembe akamjibu kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, akamkabidhi jembe zito kuliko yote.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kazi, simu zote ndooni, ndoo inafunikwa, na kila mtu anakaa peke yake mteremkoni dakika kumi bila kusema neno. Kisha kila mmoja anataja kitu kimoja alichokiona. Jumamosi ya kwanza wote waliona majani. Bi Kiwembe akawauliza kama angemwalika mbuzi, angepata jibu gani jingine. Lakini kufikia mwezi wa tatu Wakili alisimama akaeleza, kwa dakika tano nzima, jinsi nyigu alivyokwenda kijitoni mara saba kubeba tope la kujengea nyumba chini ya jiwe, na hakuna aliyemcheka. Yule jitu wa nyungunyungu sasa alikuwa akiwarudisha udongoni kwa mkono wake, huku akiwaomba radhi. Mtu akija kuniambia vijana wa siku hizi hawajali miti wala mito, namuuliza aliwapeleka lini.

Ila kuna jambo moja ambalo Bi Kiwembe hakuwaamini nalo, nalo ni wembe. Tuseme ukweli, mama yule alikuwa na wivu na kazi yake. Aliwaona wakishika miche kama wanashika mpira, roho ikamuuma, akaweka sheria: kiriba hakiguswi mpaka nije. Aliirudia kila Jumamosi, mpaka wakawa wanaimaliza pamoja naye.

Wakati huo bodi ya shule ilikuwa inautaka mteremko ule usawazishwe, uwe maegesho ya magari. Mwalimu mkuu aliwapigania vijana wake mpaka akapata mwaka mmoja. Wapande miche mia mbili, na mwaka ukiisha nusu yake iwe hai. Isipofika nusu, tingatinga linaingia, na Jumamosi zao zimekwisha.

Siku ya kupanda, alfajiri, binti yake Bi Kiwembe akashikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Mama afanyeje? Akamwachia Wakili maagizo ya mashimo, mbolea na maji, akakimbilia hospitali. Jioni alirudi akiwa bibi wa mtoto wa kike, akaikuta miche mia mbili imesimama kwa mistari mteremkoni. Akalia mbele za watu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Miezi minne baadaye mvua zikakata, na majani yakaanza kugeuka njano. Vijana wakaongeza maji, wengine walikuja hata Jumapili na ndoo kichwani. Haikusaidia kitu. Bi Kiwembe alishuku mchwa, akashuku udongo, akashuku hata mbuzi wa jirani. Mwishowe akashika mche mmoja shinani, akauvuta. Ukatoka wote, bila ubishi, umevaa kiriba chake cheusi kama siku ulipotoka kitaluni. Ndani, mizizi ilikuwa imejisokota, imekosa pa kwenda. Akavuta wa pili. Akavuta wa tatu, kisha akakaa chini.

Usidhani alikosa maneno. Yalikuwa yamemjaa kinywani, makali yote, na vijana walishainamisha vichwa kuyapokea. Wakili ndiye aliyemtangulia.

"Bibi, ulisema kiriba hakiguswi mpaka uje."

"Nilisema."

"Tulifikiri utakuja kuvitoa mwenyewe. Halafu ulipokuja ukalia, tukajua basi tumepatia."

Bi Kiwembe akayameza maneno yake yote, na nakuhakikishia yalimkwaruza koo. Akanyanyuka akaenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, magoti yakiwa na udongo. Mwalimu mkuu alisikiliza, akasogeza rundo la madaftari, akafikiri. Yeye naye aliupenda ule mteremko. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ukame umeua miti ya watu wengi mwaka huu, na bodi haiwezi kujua tofauti. Wakiambiwa ni ukame, huenda wakaongeza muda.

"Mwalimu, watoto arobaini wanajua si ukame," akasema Bi Kiwembe. "Jumamosi nikiwauliza wameona nini, wanijibu nini? Kosa ni langu. Niliwafundisha kila kitu nikawanyima wembe."

Basi bodi ikaambiwa ukweli, na bodi haikuongeza hata siku moja.

Mvua za kwanza zilipodondoka, Bi Kiwembe alifika na pakiti za nyembe, akampa kila mtu wake. Akaonyesha mara moja tu: unautoa mche shimoni, unachana kiriba, unapunguza mizizi iliyojisokota, unashusha. Kisha akafumbata mikono kwapani ili asimpokonye mtu. Miche hamsini na mitatu ilikuwa imeshakufa kabisa. Wakili alikata vibaya, nusu ya udongo ukamwagika miguuni pake. Akamtazama bibi, macho yamejaa maji.

"Panda," Bi Kiwembe akamwambia. "Wangu wa kwanza nao ulimwagika."

Siku ya kuhesabu, mwenyekiti wa bodi alipita mstari kwa mstari na kidole chake, hataki kusaidiwa. Akafika mia na kumi na nne. Ule uliommwagikia Wakili haukuwemo. Ulikufa wiki ya pili. Mwenyekiti akakunja ramani yake ya maegesho, akaenda zake.

Msimu uliofuata, Bi Kiwembe alikuwa mzima wa afya na binti yake hakuwa na uchungu wowote, lakini siku ya kupanda alibaki nyumbani makusudi mpaka saa sita, akimbembeleza mjukuu huku miguu ikimwasha. Alipofika, miche themanini ilikuwa ardhini, na viriba vitupu vimepangwa juu ya jiwe ili avione. Hakumsalimu mtu. Akavihesabu, akapata sabini na tisa. Akarudia, sabini na tisa. Papo hapo akauinamia mche wa kwanza ili auvute.

"Bibi, acha," akasema Wakili. Akatoa mfukoni kiriba kimoja, kimechanwa wima kwa mstari mmoja, kimeoshwa, kimekunjwa mara nne. "Hiki nakaa nacho. Udongo haukumwagika hata punje."

Bi Kiwembe alikikunjua, akakigeuza huku na huku akitafuta kosa, na aliyajua makosa yote. Akakikunja tena vilevile, akamrudishia mfukoni kwa mkono wake. Kisha akajifuta uso kwa leso, ambayo ncha yake siku hizi haikuwa na kitu, akauliza kwa ukali ni nani aliyesahau kumwagilia mstari wa chini.