Kikombe cha Kilomita ya Kumi na Sita

"Mama mdogo, kwa nini ulimpa maji?"

Sofia aliuliza hivyo akiwa na miaka tisa, Jumapili jioni, mama yake mdogo, Vumilia, akiwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi. Vumilia alimtuma dukani akalete kiberiti, na kiberiti kilikuwepo jikoni, kimejaa. Sofia alikwenda hivyo hivyo, akanunua, akarudi na kukuta mlango wa chumba umefungwa.

Swali lilikaa miaka sita bila jibu. Na ili mtu aelewe kwa nini mtoto aliuliza, lazima amjue kwanza Vumilia.

Vumilia alizaliwa kwenye nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, nje kidogo ya mji wa Karatu. Wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma msimu mmoja tu, na huo msimu mmoja ukawa miaka thelathini. Yeye naye alipokua akawekwa kwenye meza ndefu pamoja na wanawake wengine, kazi yake kuchambua kahawa, mbovu huku, nzima kule, mpaka ukifumba macho bado unaziona punje. Mbio alizianza utotoni, maana shule ilikuwa mbali na mwalimu wa zamu alikuwa na fimbo.

Mwenzake wa mbio aliitwa Leonida, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Daa, mrefu, mcheshi hata anapokuwa hana pumzi. Walikuwa wamekimbia pamoja miaka mitatu kwenye klabu ya Kocha Benson, wakijiandaa kwa marathoni. Kwenye mbio ndefu walipokezana kukaa mbele: kilomita hii Vumilia anakata upepo, Leonida amejificha mgongoni kwake, kilomita inayofuata wanabadilishana. Pale klabuni waliita kuvuta. Na ilikuwa inaeleweka bila kusemwa kwamba mwenzako akiwa na siku mbaya unamvuta njia nzima, humuulizi zamu yake.

Kumaliza nako walimaliza pamoja, wameshikana mikono. Benson alikuwa anaangalia saa yake na kusonya.

"Nyie mabinti mnanipa kazi. Sasa niandike nani wa kwanza?"

"Andika wote, Kocha," Leonida alikuwa anajibu. "Kwani kalamu si yako?"

Walijuana mpaka ndani. Leonida alijua kwamba Vumilia akianza kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, amechoka na yuko karibu kusimama. Vumilia alijua kwamba Leonida akinywa maji baridi kwenye mwinuko, kichomi kinamkamata mbavu za kulia, anajikunja kama aliyepigwa ngumi. Kwa hiyo siku za mazoezi alimbebea maji ya uvuguvugu, na hata hayo Leonida aliyasukutua tu na kuyatema.

Mwaka ule ilikuja nafasi moja. Kambi ya wakimbiaji ya huko Arusha ilimwambia Benson inamtaka msichana mmoja kutoka upande wa Karatu na Ngorongoro: atapewa malazi, chakula, viatu, na atapelekwa mashindano ya nje. Sharti asizidi miaka ishirini na mitano. Vumilia alikuwa anatimiza ishirini na sita Januari. Kwake hapakuwa na mwaka mwingine. Ilikuwa ni hiyo nafasi au ile meza ya kahawa.

"Nitawapima mwisho wa mwezi," Benson aliwaambia. "Hii nusu marathoni ya Jumapili msiihangaikie, ni ya wageni, ya kuchangia madawati. Sisi tunajitolea. Nyie wawili mtakaa meza ya maji, kilomita ya kumi na sita. Jumamosi fanyeni mbio zenu ndefu kama kawaida."

Jumamosi Leonida alikuja amefunga bandeji kwenye muundi wa mguu wa kushoto.

"Umefanyaje tena?" Vumilia aliuliza.

"Unauma tangu juzi. Nivute leo, Vumi. Nitalipa."

"Utalipa lini na wewe, jana ulisema kiuno."

"Jana kiuno, leo mguu. Kesho nitakufa kabisa upumzike."

Wakacheka, wakaondoka na mawingu bado yamelala barabarani. Kutoka mjini hadi geti la hifadhi ya Ngorongoro ni kupanda karibu njia nzima, na asubuhi ile upepo wa milimani ulikuwa unawapiga usoni. Vumilia alikaa mbele kilomita zote. Magari ya watalii yaliwapita, mikono ya wageni ikiwapungia madirishani. Nyuma yake alisikia hatua za Leonida, nyepesi, zimepangika, na wala hakujiuliza ni vipi mguu mbovu unatoa hatua nzuri namna ile.

Getini Leonida alishika goti, akasema hawezi kurudi kwa miguu. Akapanda pikipiki.

"Nisamehe, dada," alisema.

"Nikusamehe nini? Nenda ukakande mguu. Kesho nikukute mezani."

Vumilia alirudi peke yake. Kilomita thelathini na mbili zilipotimia alikuwa ameshamaliza nyimbo zote za kwaya anazozijua na ameanza kurudia.

Jumapili aliteremka ngazi ya nyumba kinyumenyume, mapaja yamekaza. Kwenye meza ya maji alimkuta Mzee Sylvesta, fundi mitambo mstaafu wa shamba, ambaye parokiani ndiye anayekusanya sadaka. Yeye alipewa kalamu na orodha ya wakimbiaji, ili kila namba inayopita aitie alama. Hoteli moja ilikuwa imetuma vipande vya barafu, vikaelea kwenye ndoo kubwa. Vumilia alipanga vikombe, akaweka kiti kimoja kivulini kwa ajili ya mguu wa Leonida, akampigia simu. Imezimwa.

Mzee Sylvesta alikuwa anasoma orodha kwa sauti, kidole kwenye karatasi, kama anavyosoma matangazo ya misa.

"Mia mbili na nne. Leonida, wa Daa. Si ndiye mwenzako huyu?"

"Huyo ni mwingine, mzee. Daa kina Leonida wako wengi."

"Labda." Akasogeza miwani. "Ila huyu ameandikwa na klabu yenu. Na karatasi hii imetolewa Jumanne, tarehe hii hapa."

Vumilia aliichukua karatasi akaisoma. Akairudisha. Akarudi kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Ilipita gari ya Kocha Benson, taratibu, imetangulia mbele ya wakimbiaji. Nyuma walikaa watu wawili wenye saa mkononi, migongoni wameandikwa jina la ile kambi ya Arusha. Benson aliangalia upande wa pili wa barabara, kwenye shamba la mahindi, mpaka akapotea kwenye kona.

Wakapita wanaume. Halafu kwenye mwinuko akatokea mwanamke wa kwanza, mrefu, peke yake, hatua nyepesi. Mguu wa kushoto haukuwa na bandeji.

Vumilia alichukua kikombe. Alikizamisha kwenye ile ndoo ya barafu, akakijaza mpaka juu, akasogea hadi katikati ya barabara.

"Kunywa, dada," alisema.

Leonida alimwona. Alipunguza mwendo mpaka karibu asimame, akapokea, akamtazama Vumilia usoni muda wote ule anaokunywa, na akanywa mpaka tone la mwisho. Alitupa kikombe akaondoka. Mzee Sylvesta akatia alama kwenye mia mbili na nne.

"Binti," alisema, "mimi ningemnyima."

Jioni ile mji mzima ulikuwa na habari. Mzee Sylvesta alisimulia kwenye kwaya, kwaya wakasimulia sokoni, na ndivyo ilivyomfikia Sofia, akaja na swali lake kwenye beseni la chumvi. Jumapili iliyofuata katekista alimtaja Vumilia kanisani, binti aliyemnywesha maji mwenzake aliyemsaliti, watu wakageuka kumtazama. Yeye aliinamia kitabu cha nyimbo.

Leonida alimaliza wa tatu. Kilomita tatu za mwisho alizikimbia amejikunja, mkono mbavuni, machozi yanamtoka, wawili wakampita, lakini hakutembea hata hatua moja. Wale watu wa kambi waliiona hiyo. Walisema hao wa kwanza wako wengi, ila anayeweza kumaliza namna hii huku anaumia hawampati kila siku. Wakamchukua.

Jumatatu Vumilia alikwenda kwa Benson kabla ya kazi.

"Mngekimbia wote mngeshikana mikono tena," kocha alisema. "Nafasi ni moja. Ningempeleka nani?"

"Ungeniambia nisimshike."

Benson aliitazama saa yake, ingawa hapakuwa na mtu anayekimbia.

Miaka ikaenda. Mara moja kilikuja kifurushi kwa basi la Arusha, viatu vipya vya mbio, saizi ya Vumilia kabisa, bila barua. Hakuvijaribu. Aliviweka juu ya kabati mpaka mguu wa Sofia ulipofika saizi hiyo, akampa. Bado anachambua kahawa. Jumamosi bado anakimbia hadi getini na kurudi, peke yake, na kila mwaka nusu marathoni ikifika anaomba meza ya kilomita ya kumi na sita. Ana utaratibu wake pale. Madumu anayaweka juani tangu asubuhi, na ile barafu ya hoteli anairudisha. Vikombe anavijaza nusu. Watu wanasema Vumilia ana huruma na wakimbiaji, tangu zamani.

Mwaka huu Sofia yuko kidato cha tatu, amekuja kumsaidia kugawa maji, na miguuni ana vile viatu. Mzee Sylvesta hayupo tena. Mwenye orodha sasa ni kijana mmoja ambaye hajui chochote, na alipoona madumu juani aliuliza kama ayahamishie kivulini.

"Yaache," Vumilia alisema.

Sofia alisubiri yule kijana asogee. Alikuwa amekaa na lile swali muda mrefu kiasi kwamba lilimtoka kwa maneno yale yale ya utotoni.

"Mama mdogo, kwa nini ulimpa maji?"

Vumilia alishika dumu moja kwa kiganja, akapima joto lake, akalishika na la pili.

"Ili apate kichomi," alisema. "Na yeye alijua. Akanywa yote."