Salamu Kabla ya Bunduki

Iko Jumamosi moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia unataka kuanza ufundi wa bunduki, keti nikusimulie kabla hujanunua hata tupa moja.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, huku ugenini kwa Wazungu, wakati wa ukame mkali huko bara, mbali na pwani. Nilikuwa na miaka thelathini na ushei, lakini katika ufundi nilikuwa mtoto mchanga. Siku za kazi nilipakua mizigo ghalani Mount Druitt, pembezoni mwa jiji. Jumamosi nilipanda treni hadi Minto, kwenye karakana ya Mzee Mbwana, mtu wa Tanga, aliyewatengenezea bunduki wakulima na wawindaji. Leseni alikuwa nayo, na ufunguo wa kabati lake la chuma haukutoka kiunoni. Nilitaka nijifunze kwake, nami siku moja niwe na karakana yangu ya pembeni. Mikono nilijaliwa, sikatai. Kilichonishinda ni salamu zake.

Kila mteja aliyeingia, Mzee alimsalimu kama tunavyosalimiana kwetu: za nyumbani, mama watoto hajambo, mifugo je, mvua imefika? Wazungu wenyewe walishangaa mwanzoni, kisha wakazoea. Mimi ndiye niliyeona haya. Nilijiambia, huku si Tanga, huku mtu anataka kitu chake aende zake. Mgeni akishajua njia za wenyeji huziona za kwao alikotoka kuwa ushamba, na ugonjwa huo nawe unao kidogo, nimekuona.

Basi siku hiyo akaingia Greg, mfugaji wa kondoo kutoka mbali, kuchukua bunduki niliyomtengenezea kitako. Mzee alikuwa ameshaitoa kabatini, yuko palepale ananawa mikono.

"Iko tayari, weka sahihi hapa," nikamwambia Greg, nikamsogezea daftari na bunduki.

Mzee akaja na mikono yake iliyolowa, akaweka kiganja juu ya bunduki.

"Greg, habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mke hajambo?"

"Amehamia kwa mama yake."

"Kondoo?"

"Nimeuza wote."

"Na yule mbwa wako, leo hukuja naye?"

Greg akatazama sakafu. "Nimempa jirani. Atamtunza vizuri."

Mzee hakuondoa mkono. "Bunduki yako imekamilika," akasema, "lakini leo sikupi. Keti tunywe chai."

Nilitarajia ugomvi. Yule mtu mzima akakaa kwenye kiti cha plastiki, akalia. Alisema mwenyewe kwamba alikusudia kujiua. Mzee akampigia simu dada yake Greg, aliyekuwa akiishi Parramatta, jijini humohumo, na tukakaa naye mpaka dada akafika kumchukua.

Walipoondoka, Mzee alifunga kabati, akanigeukia. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Kijana, kitako umekitengeneza vizuri. Ila mtu hukumtazama usoni. Bunduki si mkate. Usiyejua hali yake leo usimpe, hata kama jana ulimpa."

 Nikakusanya vikombe vya chai, nikaenda kuviosha.

Mvua iliponyesha hatimaye, Greg alirudi, mbwa wake yuko garini. Hakuja kuichukua bunduki, alikuja kuiuza. Na kabla sijafungua mdomo, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha bara, "Nyumbani hawajambo?" Nikamjibu hawajambo, machozi yakinilenga.

Basi, mwanangu, leseni kwanza, maana bila leseni huo si ufundi, ni jinai. Mshahara wa ghala usiuache mapema. Tupa na mashine ya kukereza jifunze kwa fundi, vyaelea vimeundwa. Lakini siku ya kumkabidhi mtu bunduki, kumbuka kuuliza si ujinga. Uliza nyumbani, uliza mifugo, na usubiri jibu, kwa kuwa moyo wa mtu ni msitu. Ukiona giza, funga kabati, weka chai jikoni. Hasira ya mteja utaipoza, kifo hakipozwi.

Mungu akupe mikono mitulivu na sikio lisilo na haraka. Na kila utakayemfungulia kabati lako, afike kwake salama, watu wake wamkute mzima.