Filamu Isiyo na Stelingi

Saa tisa alasiri, mama ambaye mtaa mzima humwita Redio anaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya runinga, mgongo ukutani, maiki mkononi. Kila anayeingia kwenye banda hili la video anapata lake.

"Fundi baiskeli, vua kofia, wa nyuma waone. Mama Sabuni, leo umekuja na macho au na usingizi?"

Watu wanaangua kicheko. Mwenye banda, aliyesimama mlangoni, hacheki. Ni mdogo wa mume wa Redio, na asubuhi alimweleza shemeji yake bila kuzunguka: watu wakitoka katikati ya filamu kama Jumamosi mbili zilizopita, saa hizi zinakwenda kwa mashabiki wa mpira.

"Shemeji, usinione mbaya," alimwambia. "Siku hizi kila mtu ana filamu zake kwenye simu."

Kazi ya Redio ni kutafsiri filamu za kigeni papo kwa papo, kwa sauti zote: ya jenerali, ya bibi, hata ya mbwa. Aliianza miaka kumi na tisa iliyopita, mumewe, mtafsiri wa wakati huo, alipokaukiwa na sauti kwa mafua.

"Mimi nilipona," anasema mume, ambaye sasa hukaa nje akikata tiketi. "Maiki ndiyo haikurudi."

Redio haitazami filamu kabla ya kuitafsiri. "Nikishajua mwisho, sauti inalala," anaeleza. Kwa hiyo hubahatisha jambo moja ambalo banda humdai mapema: stelingi, yaani shujaa wa filamu, ni nani? Humu ndani stelingi hafi, na akishatajwa, watu wote wako upande wake.

Leo ni askari wawili ndani ya chumba chini ya ardhi, mzee na kijana, kila mmoja na ufunguo wake. Funguo hizo zikizungushwa pamoja, makombora ya nyuklia yanaruka. Amri ya kuyarusha imeingia, kisha simu imekatika.

"Stelingi nani?" banda linauliza.

Redio anamwangalia kijana. Ana kifua, ana sura. "Huyo mwenye nywele nzuri!"

Tangu hapo kazi inakuwa nyepesi. Mzee anakataa kuzungusha ufunguo wake mpaka simu irudi, banda linamzomea. Anauweka kitini na kuukalia, fundi baiskeli anaita, "Mwinue huyo!" Kijana anachomoa bastola, watu wanashangilia.

Ndipo kijana anasema kitu kwa sauti ya chini, akitazama ramani yenye taa nyingi ukutani. Redio anaisogeza maiki mbali na mdomo.

"Redio, kasemaje?"

"Ningeweza kuwadanganya," anakumbuka baadaye. "Ningesema mzee amemwibia mchumba, tungeendelea kushangilia. Nimeshafanya hivyo mara nyingi, Mungu anisamehe."

Anatazama mlangoni. Shemeji yake anamtazama pia.

"Amesema miji yote ile itakuwa majivu kabla ya chakula cha mchana," anatamka. "Na amesema yuko tayari. Jamani, nimekosea. Nimewapa stelingi siye."

Banda linanung'unika. Vijana wawili wananyanyuka kuondoka.

"Sasa tumshangilie nani?" fundi baiskeli anauliza, kama mtu aliyeporwa.

"Msimshangilie mtu. Mtazameni mzee." Redio anaweka maiki chini.

Kwenye kioo hakuna anayesema. Bastola iko shingoni mwa mzee. Jasho linamtiririka, hainuki. Vijana wawili wamekwama pale walipo, wametazama huku wamesimama, na hakuna anayewaambia wakae.

Simu inalia. Iko mbali, mzee hawezi kuifikia bila kuuacha ufunguo.

"Usiinuke, baba!" Mama Sabuni anapiga kelele. "Usiinuke!"

Mzee anamwambia kijana maneno machache. Redio anayatoa bila maiki, kama anayesema na mtu wa nyumbani: "Pokea wewe, mwanangu."

Kijana anapokea. Anasikiliza. Amri ilikuwa ya makosa. Anaketi sakafuni, na banda zima linashusha pumzi.

Nje, watu hawatawanyiki. Wanabishana kama makombora hayo yapo kweli, na funguo zake anazo nani.

"Wamekaa," anasema mwenye banda, kana kwamba jambo hilo halijamfurahisha.

"Wamekaa, shemeji."

"Haya. Jumamosi yako ibaki. Tutazame mwezi huu."

Redio anataka zaidi ya hapo. Anapanga kuomba na Alhamisi mchana, kwa akina mama wa sokoni, aanze na filamu hii hii.

"Ukiogopa peke yako na simu yako, unalala na hofu yako," anasema. "Hapa unapiga kelele, jirani anakwambia nyamaza, mnagawana. Ila Alhamisi simtaji stelingi. Na nitasema kidogo."

Mumewe, anayehesabu vipande vya tiketi, anacheka mpaka anakohoa.