Karavani Iliyokaa Chini

Juma hili nilikuwa kwenye pampu ya petroli, mtoto mgongoni, nikingoja fundi azibe tairi la baiskeli yetu. Mzungu mmoja alikuwa safarini kwenda kupumzika Kilwa, si ile ya pwani, hii yetu ya kando ya ziwa. Gari lake lilikokota karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu mawili, na masanduku yote ya bia alikuwa ameyapanga mkiani.

Shofere wake, mtu mzima, alivua kofia. "Bwana, bintu ya buzito, hii masanduku, tuweke mbele kiloko, kidogo tu. Mu njia ya Kilwa mukia itatikisika, itatutupa mu pori."

"Weye unajua lori," Bwana akajibu. "Hii iko karavani, iko na kitabu yake. Fungua karavani, itoke ku gari, nigeuze gari."

"Bwana, Madamu iko ndani."

"Fungua!"

Shofere akaitenga karavani na gari. Pua ya karavani ikapaa, mkia ukakaa chini, na tukasikia chupa na Madamu wakiteremka pamoja. Madamu alitoka mzima, ananuka bia, akamtazama mumewe.

Bwana akafuta jasho, akamgeukia shofere. "Umeona? Bintu ya buzito inaenda mbele!"

"Ndiyo, Bwana," shofere akasema, akaanza kubeba masanduku.

Nikampandisha mtoto, nikakaza kitenge. Mtoto akining'inia chini humvuta mama nyuma. Hilo tunalijua bila kitabu. Shofere angalau atafika Kilwa salama. Huko atasimama kando, kofia mkononi, akimsikiliza Bwana akiwafundisha wenzake namna ya kupakia karavani.