Mahali pa Mama Uwanjani

Wageni wakisikia Njombe ni makao makuu ya mkoa, hutaka kuona maghorofa. Mimi huwapeleka uwanjani kwanza. Pale katikati ya mji ndipo mabasi ya Makambako yalipokuwa yakigeuzia, yamejaa vumbi mpaka vioo. Baadaye stendi ikahamishwa, mabasi yakaondoka, watu wakagoma kuondoka. Siku hizi kuna mafundi viatu, kina mama wa viazi, na baridi ya kuuma masikio. Jumapili kwaya hupiga ngoma mpaka viazi vinacheza. Naupenda uwanja ule, jamani, sifichi.

Mama yangu aliuza maparachichi pale, kando ya mtaro, tangu enzi za mabasi. Hakuwa na kibanda wala karatasi yoyote. Pake ni pale alipotandika kiroba chake. Ndiyo maana miguu ilipomlaza nyumbani miezi miwili, hakulia maumivu. Alililia ile nafasi.

"Watakuwa wameshaichukua," alisema kila siku. "Nikipona nitakaa wapi?"

Jumanne moja nikatoka Makambako, ninakofanya kazi, nikaenda kumwangalizia. Mungu wangu! Mwanamke na viazi vyake amejaa mahali pa Mama, kajifunika shali mpaka puani. Mimi na subira hatujawahi kuelewana. Hata salamu ya "kamwene" sikumpa. Nilimwita mwizi, nikamwambia hana haya, anamzika mgonjwa angali hai. Uwanja mzima ukageuka kututazama.

Aliniacha nimalize.

"Wewe ndiye mtoto wake wa Makambako?" akauliza taratibu. "Pangu mimi ni kule ng'ambo. Hapa pakibaki wazi siku moja tu, atakuja mtu akae. Kwa hiyo tunapokezana. Jumanne ni mimi, kesho ni yule wa maharage. Mwambie mama asiharakishe, apone kwanza."

Akanijazia mfuko wa viazi nimpelekee. Kwa aibu niliondoka bila hata kuaga.

Nyumbani nilimweleza Mama. Akacheka, akalia, akamshukuru Mungu. Halafu akanikazia macho, maana ananijua.

"Na wewe ulimwambia nini, mwanangu?"

Nikasema yote, hata lile la mwizi.

Mama akatupa blanketi pembeni. Mtu tuliyekuwa tukimshika mkono kwenda msalani akasimama mwenyewe, kaegemea ukuta, miguu inatetemeka.

"Nipe viatu," akasema. "Twende ukamwombe radhi kabla hajafunga viazi vyake."